Taa kwa Jina la Marehemu

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu haipendi kutajwa. Mtu mmoja aliitaja kwa sauti sokoni, akaitwa ofisini kuulizwa ameitaja kwa nia gani, na mpaka leo bado analifikiria jibu. Nitasema tu kwamba ni nchi yenye jua. Linatuunguza migongo, linakausha mihogo, nguo na visima, na ndicho kitu pekee ambacho serikali haijawahi kututangazia kwamba kimeisha.

Nguzo za umeme tunazo pia. Zinapita chini ya kilima chetu zikielekea kwa watu wengine.

Basi siku moja akaja Mheshimiwa Daktari Ndelema, Waziri wa Nuru na Marejesho. Walimwekea meza yenye kitambaa na maji ya chupa. Alitutazama kwa huruma, akasema:

"Ndugu wananchi, giza ni adui wa maendeleo. Lakini wataalamu wangu wamegundua adui mkubwa kuliko giza. Adui huyo ni mkopaji aliye hai."

Tukapiga makofi, kwa sababu alikuwa amenyamaza.

"Wafadhili wako tayari kuwakopesha sola. Paneli, betri, balbu, hata waya wa kuchaji simu. Lakini nani akopeshwe? Mkopaji aliye hai anahama. Anabadilisha namba ya simu. Anaugua. Anaozesha binti. Ukimfuata nyumbani, mtoto anakwambia baba hayupo, na baba mwenyewe unamwona miguu chini ya pazia."

Hapo tulicheka, wengine tukatazama miguu yetu.

"Wafadhili wamechoka na miguu chini ya pazia. Wameniuliza, Mheshimiwa, huna mtu wa kukopa ambaye hahami? Nimesafiri nchi nyingi za baridi kutafuta jibu. Kumbe jibu liko hapahapa, katika mila zetu!"

Akatueleza mila yetu, nasi tukasikiliza kama wageni. Kwetu mtu akifa, kabla udongo haujarudishwa, msemaji wa familia husimama kandoni mwa kaburi na kusema, "Kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu, asimsumbue." Na hakuna familia iliyowahi kukataa. Mtu anayekwepa deni lake mwenyewe mwaka mzima, la marehemu hulilipa kabla ya arobaini, ili mzee wake asilale vibaya.

Mheshimiwa alifuta macho kwa kitambaa.

"Hii," alisema, "ndiyo dhamana ambayo benki zote za dunia zimekuwa zikiitafuta."

Tangu siku hiyo mikopo ya sola ikaanza kutolewa kwa marehemu.

*

Utaratibu ulikuwa mzuri. Nyumba yenye marehemu ilipata taa, mrithi akawa analipa kila wiki kwa simu, na akichelewa, Wizara humtumia ujumbe kwa jina la marehemu mwenyewe: *Mwanangu, huku nilipo wananisumbua.* Watu walilipa mbio.

Wa kwanza kupata alikuwa fundi cherehani Masele, aliyefiwa na mkewe. Alipata balbu tatu na redio. Watu walipanda kwake kwenda kutazama, na kwa kuwa hawakujua waseme pole au hongera, walisema vyote viwili. Baada ya muda pole ikasahaulika.

"Hongera kwa msiba, Masele."

"Ahsante. Na nyinyi Mungu atawakumbuka."

Waliokuwa hawajafiwa walianza kuona haya. Kwenye bomba la maji, mwanamke aliyekuwa na wazazi wote wawili hai alisogezwa mwisho wa foleni. Si kwa ubaya. Alionekana tu kama mtu asiyejituma.

Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile zisizo na marehemu. Tulikuwa watatu: Mama, Bibi Nyamizi ambaye ni mama mzazi wa baba yangu, na mimi Kabula. Baba alikwenda machimboni na hakurudi. Wengine walisema shimo lilimfukia, wengine walisema walimwona mji wa mbali akiwa na viatu vipya. Kabla ya kuondoka alikuwa amenunua mashine ya kunyolea, ya umeme, akasema umeme utaikuta. Mama aliitunza ndani ya kitambaa cheupe, huku ananyoa watu barazani kwa mkasi na wembe.

Mama alikwenda kumwona Afisa Mikopo, Bwana Kasanda, kumwombea baba mkopo.

"Mumeo amefariki?" Bwana Kasanda alimuuliza.

"Hatujui, baba. Alipotea."

Bwana Kasanda alisikitika sana. Alikuwa mtu mwenye sauti laini.

"Aliyepotea hakopesheki, mama. Sisi tunataka aliyefika."

*

Baada ya muda marehemu wakaisha. Wizara ilikuwa imewaahidi wafadhili kilima kizima kingae, na kilikuwa kimeng'aa robo tu, kwa uzembe wetu wa kutokufa. Ndipo likaanzishwa daraja jipya la wateja, likaitwa Marehemu Watarajiwa.

Bwana Kasanda alifika kwetu asubuhi, akavua kofia mlangoni.

"Hodi wenyewe. Poleni kwa msiba."

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga wa mchana kama maziwa, basi.

"Karibu. Msiba wa nani?"

"Wako, bibi. Lakini hatuna haraka."

Bibi aliacha maharage. "Kabula, mtu huyu amevaaje?"

"Tai, bibi," nilisema.

"Basi ni kweli. Mtu wa tai hatanii."

Bwana Kasanda alieleza. Mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi anaweza kuhesabiwa amefariki sasa hivi, kwa heshima zote, ili nyumba yake ipate nuru. Haumwi. Haombwi kitu. Anaendelea kukaa nyumbani kwake kama kawaida, ila tu amekwisha kufa.

"Na nikifa kweli?" Bibi aliuliza.

"Hapo hutatusumbua, bibi. Utakuwa umeshamaliza taratibu."

Mama alisema haraka, "Mama, hapana. Tumekaa gizani miaka yote."

Bibi alinyoosha mkono ukutani, akapapasa mpaka akaufikia msumari uliotundikiwa kile kitambaa cheupe. Akaishusha mashine ya baba, akaiweka mapajani kama kifaranga.

"Mwanangu alisema umeme utaikuta," alisema. "Hii haijawahi kulia hata siku moja. Nataka niisikie." Kisha akamgeukia Bwana Kasanda, upande ambao hakuwapo. "Haya, baba. Niue, lakini usinitoe kwenye mkeka wangu."

*

Siku ya kumtangaza, jirani walijaa uani. Bibi alivaa kanga yake ya sikukuu. Aliombwa alale kidogo kwa ajili ya picha, akakataa, akasema akilala atasinzia na akisinzia atakoroma, na atamwaibisha Bwana Kasanda.

Wakati wa kupigilia nguzo ya paneli ardhini ulipofika, Mzee Lubinza wa nyumba ya pili akaruka katikati ya uwanja na fimbo yake. Alikuwa mtani wa Bibi, na kwetu mtani ana haki msibani ambayo hata serikali haina. Alijilaza chini mahali pa kupigilia.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele. "Kikongwe hiki kiliniibia jogoo mwaka wa njaa. Nataka jogoo wangu!"

"Jogoo gani?" Bibi alidakia. "Yule mwenye chawa? Nilimhurumia nikamla, nikaumwa tumbo wiki nzima. Nilipe dawa!"

"Sikieni, maiti inadai dawa!"

"Na wewe ukija kufa watakuzika umekaa, maana mdomo wako hautaingia kaburini."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Bwana Kasanda alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa upole, "Naomba marehemu asijibiwe tena."

Mzee Lubinza alipewa kuku wa kumwinua, akainuka. Mama akasimama mbele ya watu wote. Alikaza kanga kiunoni kwa sababu maneno yale hayasemwi bure.

"Kama kuna anayemdai marehemu," alisema, "aje kwetu, asimsumbue."

Bwana Kasanda akanyoosha mkono. "Mimi. Kwa niaba ya Wizara."

Wakafunga paneli uani, balbu moja ndani na moja barazani. Ukutani, juu ya mkeka wa Bibi, wakapigilia kisanduku cheusi chenye tundu dogo.

"Hiki ni nini?" Mama aliuliza.

"Sikio," alisema Bwana Kasanda. "Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hukosea. Marehemu akisema, hakuna tatizo. Serikali inatambua kwamba marehemu wengi husema. Kosa ni kumjibu. Mtu anayejibiwa ni mtu aliye hai, na aliye hai hakopesheki. Kisanduku kikisikia anajibiwa, taa inazimika, mkopo unafutwa, vifaa vinarudi. Chakula mpeni. Sisi si wanyama. Ila msimkaribishe."

Kisha akatupa mkono wa pole, mmoja mmoja, akamruka Bibi.

*

Siku za mwanzo Bibi alifurahi. Mama alichomeka mashine ya baba barazani, ikalia, na Bibi akainua kichwa kama mtu aliyesikia hatua za mgeni anayemjua.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo hiyo mwanangu."

Vijana walipanda kilima kuja kunyolewa chini ya taa. Mama alipata wateja wengi, akanunua kioo kikubwa na shuka ya kuwafunika. Bibi alikaa ndani akitania peke yake. "Mimi marehemu, sichambui maharage. Chambueni wenyewe mlio hai." Tukacheka kwa kuziba midomo.

Mzee Lubinza naye aliandikwa wiki iliyofuata. Baada yake Bi Sagali, na wazee wengine wengi. Kilima kikaanza kung'aa.

Lakini Bibi alikuwa hajazoea kusema bila kurudishiwa neno. Jioni, Mama alipowasha, Bibi aliuliza, "Taa imewaka?"

Tulinyamaza.

"Mkamwana, taa imewaka?"

Mama alitazama kisanduku, akatoka nje.

Kesho yake akauliza tena, na kila jioni. Alikuwa amekufa kwa ajili ya taa ile, na macho yake hayakuweza kumwambia kama inawaka.

Kisha akaanza kuniita mimi.

"Kabula!"

Sisi wasichana tukiitwa na mkubwa tunaitika "abee", hata kama tunatwanga, hata kama tuna chakula mdomoni. Mtoto asiyeitika husemwa mpaka kwa wajomba. Mimi si mtu wa maneno mengi, na nadhani neno hilo ndilo nililolisema zaidi ya yote tangu nizaliwe. Sasa lilikuwa linapanda lenyewe, nami naling'ata na pindo la kanga.

"Kabula! Upo?"

Nilimwendea nikamshika mkono. Aliuvuta.

"Nani huyu? Mkono usio na sauti siujui ni wa nani."

Niliiweka sahani mkononi mwake. Alikula kidogo, akaiweka chini. "Wananilisha," aliuambia ukuta. "Sijui ni nani, lakini wananilisha."

Baada ya hapo akapungua. Si mwili tu. Alitembea bila kuburuta miguu, na alipopita nyuma ya wateja barazani, vijana walisisimka shingoni na kumwambia Mama apunguze baridi ya wembe. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kile kioo kikubwa, anakipapasa.

"Hapa hakuna mtu," alisema.

Jua likizama kilima chetu kilikuwa kizuri, wote waliopita barabarani walisema hivyo. Taa zilishuka mpaka bondeni. Na katika kila nyumba yenye taa kulikuwa na sauti ya mzee inaita. Masanja! We Limi! Nani kafunga mlango? Jamani, kuna mtu? Zilipokezana nyumba hadi nyumba kama majogoo, na hakuna mlango uliojibu. Watoto wadogo walizoea haraka. Walicheza, wakaimba, wakalala katikati ya kuitwa.

Redioni Mheshimiwa Ndelema alisema kilima chetu ni mfano wa kuigwa, na kwamba marejesho yako juu kuliko uhai.

*

Kisha Mzee Lubinza akafariki kweli.

Mama Kulwa, mkwewe, alijua kwa sababu mzee alikuwa haiti tena. Alikuja kwetu mchana, akasimama barazani amefunga kanga vibaya.

"Mama Kabula," alinong'ona, "nilie au nisilie?"

"Umemuuliza Bwana Kasanda?"

"Nimemuuliza. Kasema mzee alishaliliwa. Kasema nikilia tena itaonekana naomba mkopo wa pili kwa marehemu mmoja, na huo ni udanganyifu." Akakaza macho yakauke. "Kanipa pole ya zamani."

Walimzika bila kelele, wanaume wachache wenye majembe, kama watu wanaokwenda kupanda mihogo. Hakuna aliyesimama kuuliza anayemdai, maana ilijulikana. Mtani wake hakuitwa. Jioni taa ya Mama Kulwa iliwaka kama kawaida, tena Bwana Kasanda alisema sasa ndiyo nyumba isiyomtia wasiwasi.

Bibi alikaa mlangoni na sikio nje.

"Kabula, mbona Lubinza hanitukani tangu juzi?"

Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Amekasirika? Au naye ameambiwa asinijibu?" Akasubiri. "Labda mimi ndiye sisikii tena. Labda ndivyo inavyoanza."

Hakula usiku ule, wala kesho yake. Alilala chali kwenye mkeka, mikono imenyooka. Mama alimwinua kichwa kumnywesha uji, ukatoka pembeni ya mdomo. Mchana Mama alimkata kijana sikio kidogo.

*

Siku hiyohiyo ilikuwa ndiyo ya ugeni. Mheshimiwa aliwaleta wafadhili wawili kuona nuru ikiwaka, na nyumba yetu ikachaguliwa kwa kuwa ina biashara. Magari yakajaa njia nzima. Bwana Kasanda alikuja mapema kuchungulia ndani.

"Marehemu hali yake?" alimuuliza Mama.

"Anakwisha, baba."

"Vizuri. Yaani, pole."

Giza lilipoanza kuingia, Mama akawasha. Wageni wakapiga makofi. Mheshimiwa akasema, ili picha ziwe na maisha, yeye mwenyewe atanyolewa na mjasiriamali. Akakaa kwenye kigoda chetu, akafunikwa shuka, na Mama akaanzia upande wa kulia. Mashine ililia vizuri. Mheshimiwa alihutubia huku kichwa kimeinama.

"Waheshimiwa wageni, mnachokiona ni ushirikiano wa vizazi. Aliyetangulia anakopa, aliyebaki analipa. Hakuna anayeachwa nyuma—"

"Kabula!"

Sauti ilitoka ndani. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na kingo, kama kitu kilichokwanguliwa chini ya sufuria. Mfadhili mmoja, mzee mwenye nywele nyeupe, aligeuka mlangoni.

"Kuna mtu anaita," alisema.

"Marehemu huyo, bwana," alisema Mheshimiwa. "Anashukuru."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti na sinia la soda. Ndani niliuona mkeka, na Bibi juu yake. Nje nilimwona Mama. Nywele za upande wa kulia wa Mheshimiwa zilikuwa zimeanguka zote, na kile kioo kilikuwa kinang'aa, na mashine ya baba ilikuwa inaunguruma mkononi mwa Mama. Bwana Kasanda aliweka kidole mdomoni, akanitabasamia.

"Kabula. Mjukuu wangu. Sikuiti kwa kazi." Bibi alipumua. "Nina swali moja tu, halafu sitakusumbua. Nipo au sipo? Niambie, nijue nilale upande gani."

Mama alizima mashine. Aliizima mwenyewe, kwa kidole gumba, na bila mlio wake kulikuwa kimya mpaka bondeni. Hakunitazama. Alitazama chini kwenye zile nywele.

Sinia liliniponyoka.

"Abee, bibi," nilisema. "Upo."

Kisanduku kikalia mara moja, kama mende anayekanyagwa, na taa zikazimika.

*

Kuhusu kichwa cha Mheshimiwa sitasema mengi. Picha ilikuwa imeshapigwa na ikatoka gazetini. Wiki iliyofuata Bwana Kasanda alionekana amenyoa upande wa kulia tu, kisha wakuu wa idara wote, na siku hizi ukiona kijana kabakiza nywele kushoto unajua anatafuta kazi serikalini.

Lakini jioni ile hatukumwona Mheshimiwa. Tulimsikia tu anauliza gizani nani mhusika. Watu wetu walikuwa wamejazana uani, na jibu langu walikuwa wamelisikia. Ndipo kutoka nyumba ya juu, ya Bi Sagali, tukasikia mwanamume mzima anajibu kwa sauti ya mtoto.

"Naam, mama! Naam!"

Taa yao ikazimika.

"Abee!" ikatoka kwingine. "Naam, baba, nakuja!" Watu walianza kukimbia kurudi makwao, wanapiga kelele njiani hata kabla hawajafika, wanaitika wito wa miezi mizima. Taa zikafa moja baada ya nyingine kushuka kilima, kama mtu anayeziba macho ya kila nyumba kwa kiganja.

"Zuia!" alilia Bwana Kasanda. "Wananchi, acheni kujibu! Acheni kujibu!"

Niliingia ndani nikapiga magoti. Bibi alinishika uso kwa mikono yote miwili.

"Sema tena."

"Abee, bibi."

"Taa inawaka?"

"Imezimika, bibi. Nimeizima mimi."

"Alaa." Alifikiri. "Mimi sioni tofauti."

Mama aliingia, akakaa chini kwenye vumbi, akaweka kichwa kwenye miguu ya Bibi. "Mama, nisamehe. Mama." Bibi alimpapasa kichwani mpaka akakutana na mashine, ilikuwa bado mkononi mwake, akaigonga kidogo kwa ukucha.

"Imelia vya kutosha," alisema. Kisha akageuza sikio mlangoni. Nje kilima kizima kilikuwa kinaongea. "Zote zimezimika?"

Nilitoka nikatazama. Haikuwa zote. Hapa na pale, katika giza, zilibaki nyumba chache zinawaka. Mlangoni pa kila moja kulikuwa na mtu aliyefika mbio akaitika, ndani hakuna tena wa kumwita, na sasa amesimama tu. Mheshimiwa alikuwa anazionyesha kwa wafadhili kwa kidole.

"Hao," alisema, "hao ndio wateja wetu bora."

Nilirudi ndani. "Zimebaki chache, bibi."

"Kwa Lubinza?"

Sikutaka kujibu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujibu, na huwezi kumjibu mtu nusu.

"Inawaka, bibi."

Bibi alininyooshea mkono. Kisha akasema, "Nipeleke."

Tulimshika mimi na Mama, kila mmoja upande wake. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Mama Kulwa alikuwa mlangoni kwake anauma vidole, na alipotuona akamtazama Bibi, naye Bibi akasema, "Lia, mwanangu. Nani kakukataza?" Mama Kulwa akaachia. Nyumba nyingine zilizowaka zikamsikia, nazo zikaanza kulia. Redio ilisema kesho yake kwamba wananchi walimuaga Mheshimiwa kwa nyimbo.

Ndani kwa Mzee Lubinza balbu ilikuwa nyeupe, mkeka umekunjwa, fimbo imeegemezwa ukutani. Bibi alisimama chini ya kisanduku.

"Lubinza," aliita. "We mlafi, nimekuja kudai dawa ya tumbo."

Tukasubiri.

"Lubinza! Mwizi wa maneno, mwenye mdomo usioingia kaburini! Nakuita mimi Nyamizi. Nijibu basi, tuwazimie taa yao."

Alisubiri na sikio limeinuliwa. Mkono wake ulinikaza kwenye bega.

"Kabula," alinong'ona, "imezimika?"

"Hapana, bibi," nilisema. "Bado inawaka."